Fundi Anayepoza Injini kwa Kuziba

Mji wa Sumbawanga uko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kijiji cha Kaoze kiko bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, karibu kilomita nzima chini ya mji huo. Gari huhangaika na kona za ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Ndege ndogo huuvuka ukingo huo kwa dakika chache, na hapo ndipo injini yake hupimwa, kwa kuwa haina rejeta ya maji. Hupozwa na upepo.

Bonde hili ni mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu. Tangu shirika la kimataifa la kuwadhibiti lilipoundwa mwaka 1949, makao yake yakiwa Abercorn, Mbala ya leo, ndege ndogo zimesaidia kuwasaka. Kuruka chini chini, polepole, juani: mateso matupu kwa silinda.

Chukua Cessna 206 ya zamani, yenye injini ya Continental. Silinda sita, tatu kila upande, zimevikwa mapezi membamba ya metali. Upepo huingia kwa matundu mawili kando ya propela, hujazana juu ya injini, kisha husukumwa chini katikati ya mapezi na kutokea tumboni mwa ndege. Mgeni atadhani dawa ya joto ni kuongeza matundu. Fundi huziba. Hewa ni kama maji ya mfereji: yakipata upenyo rahisi, bustani haitayaona. Mwanya wa kidole nyuma ya silinda unatosha kuinyima silinda hiyo haki yake.

Ndiyo maana navutiwa zaidi na ukanda wa mpira wa silikoni unaoziba mianya hiyo kuliko injini yenyewe. Hufungwa kwenye kingo za vibati vya alumini vinavyoizingira injini, ukiwa umepinda kuelekea kwenye shinikizo, ili upepo wenyewe uubane dhidi ya boneti. Ukipinda kinyume, upepo huusukuma mbali. Fundi hufungua boneti na kutafuta alama za msuguano ndani yake: pasipo na alama, mpira haugusi. Kisha humulika kwa tochi, akifuata mwanga unaopenya.

Rubani naye ana sehemu yake. Akipanda kutoka bondeni hufungua milango ya chini ya boneti, huacha petroli ya ziada iingie isaidie kupoza, na hushusha pua kidogo apate mwendo. Bora azunguke mara moja kabla ya ukingo kuliko kuukwea wima. Kikomo cha kichwa cha silinda ni nyuzi 238 za Selsiasi, lakini rubani makini hukaa mbali nacho. Huko juu hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 16 kuliko ya pwani, kwa hiyo inabeba joto pungufu. Akishuka, hapunguzi nguvu ya injini ghafla. Wataalamu wanabishana kuhusu madhara ya kupoa haraka. Yeye hupunguza mapema, taratibu.

Ndege ikilala uwanjani, matundu ya mbele hufungwa kwa vizibo vyekundu. Shomoro hawakawii: asubuhi moja tu, nyasi zimejaa juu ya silinda.