Mipasho na Ugomvi wa Wasiojitaja

Miongoni mwa maneno yanayotumiwa ovyo na wafasiri siku hizi ni neno mipasho. Kila maneno makali yarushwapo na mtu aliyeficha jina lake, basi huitwa mipasho. Sisi twaona kuwa matumizi hayo yana kasoro, wala si kasoro ndogo.

Na tuchukue mfano wa mbali. Mnamo tarehe 9 Machi 2010, katika ukumbi wa Adelphi mjini London, ilizinduliwa tamthilia ya muziki ya Andrew Lloyd Webber iitwayo Love Never Dies, mwendelezo wa The Phantom of the Opera iliyoanza kuonyeshwa mjini humo mwaka 1986. Mashabiki wa ile ya kwanza waligawanyika. Wako waliochukizwa kwamba Raoul, mume wa Christine, amegeuzwa mlevi na mcheza kamari, na kwamba mtoto wa Christine ameonekana kuwa wa Phantom. Wengine waliyafurahia hayo hayo, maana tangu zamani walitamani Christine awe wa Phantom. Baadhi ya wapinzani waliunda kundi mtandaoni wakaliita Love Should Die, yaani mapenzi yapaswa kufa. Tamthilia iliondolewa Adelphi mwezi Agosti 2011; malumbano hayakuondoka nayo. Wengi wa waliolumbana walijificha nyuma ya majina ya kubuni.

Je, hiyo ni mipasho? Katika miaka ya 1990 Dar es Salaam nayo ilikuwa na mashabiki waliogawanyika: hawa wa Tanzania One Theatre pamoja na Khadija Kopa, wale wa Muungano pamoja na Nasma Khamis Kidogo. Mwimbaji wa taarabu husimama jukwaani uso wazi. Anayeimbwa ndiye asiyetajwa. Shabiki naye, akitaka kumpasha jirani yake, huinuka na noti mkononi, akaenda kutunza kwa madaha pale pale penye ubeti unaomfaa. Maneno si yake, lakini uso ni wake, na ukumbi mzima wamwona. Mlengwa aweza kujidai hakusikia. Aweza vile vile kuinuka na noti yake. (Anayedhani kwamba kutunza ni kumlipa mwimbaji tu, bila shaka hajapata kukaa katika ukumbi wa taarabu.)

Kule London mambo yalikuwa kinyume kabisa. Mtunzi alitajwa kwa jina lake kamili, na msemaji ndiye aliyefichwa. Kuviita vitu hivi viwili kwa neno moja ni kumpotosha msomaji, na ni kuidhulumu sanaa yenye kanuni zake.

Neno masengenyo nalo halifai, kwa kuwa msengenywaji huwa hayupo, ilhali hapa mlengwa huyasoma yote. Lakabu haifai pia: washairi wa magazetini walijulikana kwa lakabu zao, wakajivunia.

Limebaki neno asiyejulikana, ambalo maofisa wengi hulipendelea. Hilo twalitilia shaka zaidi. Kutojulikana ni hali ya sisi tusiojua. Kutojitaja ni uamuzi wa mtendaji mwenyewe. Isitoshe, tangu mwaka 2017 neno wasiojulikana limebeba nchini Tanzania maana nzito ya watekaji na wavamizi, na si vyema kumtwika shabiki wa tamthilia mzigo huo. Kwa hiyo twapendekeza asiyejitaja, na kwa ugomvi wenyewe, malumbano ya wasiojitaja.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, tofauti hii imekuwa na uzito mpya. Mwandishi wa sheria akiandika asiyejulikana, mtu hutoka katika fungu hilo mara tu polisi wanapomtambua. Akiandika asiyejitaja, kitendo cha kujificha hubaki pale pale, hata baada ya mtu huyo kujulikana.