Picha ya Mwani Hupimwa kwa Weupe Wake

Mnunuzi mgeni akiwekewa mezani picha kadhaa za mwani za rangi ya buluu, huchagua iliyokolea kuliko zote. Buluu hiyo inavutia kweli, lakini ndiyo sehemu rahisi ya kazi: jua likipiga vya kutosha, itakolea tu. Ustadi uko pale mmea ulipolala, kwenye weupe. Hapo ndipo jicho lianzie.

Mbinu ya kuchapa picha hizi kwa jua ilibuniwa na mwanasayansi John Herschel mwaka 1842. Karatasi hupakwa mchanganyiko wa chumvi mbili za chuma na kukaushwa gizani, kisha mmea hulazwa juu yake chini ya kioo na kuanikwa juani, bila kamera yoyote. Palipopigwa na mwanga hugeuka buluu. Palipofunikwa, dawa hutoka kwa maji. Wahandisi nao waliitumia kemia hiyohiyo kunakili michoro ya majengo na mitambo. Mwaka 1843 Anna Atkins wa Uingereza alianza kutoa kitabu chake cha mwani, sehemu baada ya sehemu hadi 1853, kila ukurasa ukichapwa kwa mkono. Ndiyo maana nakala zake hazilingani kabisa, na sioni kasoro kwa hilo.

Sasa rudi kwenye weupe. Mwani mwembamba kama Ulva, ambao jani lake lina tabaka mbili tu za seli, hupitisha mwanga kidogo, nao huacha buluu hafifu ndani ya umbo lake. Katika chapa nzuri utaona jani moja likipita juu ya jingine, mikunjo, hata machaniko ya mawimbi. Halimeda, uliojaa chokaa, hauruhusu mwanga, na mwani mnene unaolimwa pwani, Kibuyuni au Paje, kwa ajili ya soko huacha kivuli cheupe kisicho na habari ndani yake. Kivuli hicho kinaweza kupendeza ukutani, ila usikilipie bei ya chapa yenye viwango vitano vya buluu. Mimi pia hutafuta kishikizo, ile sehemu ya chini iliyokamata mwamba. Fundi aliyeikata ili umbo likae vizuri kwenye fremu amepamba, lakini ametupa nusu ya mmea.

Kwa anayechapa Thika au Ruiru, jua lenyewe ni mtaji. Tuko karibu digrii moja tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa Machi na Septemba jua la adhuhuri hukaa karibu utosini, na hata shina nene hupata ukingo mkali pande zote mbili. Ukiona upande mmoja wa shina una ukungu na mwingine umenyooka, ujue picha ilianikwa jua likiwa limeinama, au kioo hakikubana. Mawingu ya Julai hayaharibu kazi. Yanadai subira, na asiye na subira hutoa buluu iliyopauka inayokimbia na maji. Mwani wa bahari ukiwa mbali, majani ya kangaga ya kando ya Mto Chania yanafaa sana. Atkins mwenyewe, pamoja na rafiki yake Anne Dixon, aliingia kwenye jamii hiyo ya mimea mwaka 1853.

Uoshaji ndio unaofichua fundi mvivu. Weupe wenye umanjano au ukijani ni dawa iliyobaki kwenye karatasi, na siku ikikaa penye mwanga sehemu hizo zitaendelea kubadilika. Maji nayo yana neno: yenye magadi huila buluu hii, na kisima cha ploti moja hakifanani na cha ploti jirani. Muulize muuzaji aliosha kwa maji gani. Anayetia siki kidogo au maji ya limau kwenye maji ya kwanza anaielewa kazi yake.

Kutofautisha chapa ya jua na nakala ya printa, chukua lenzi. Printa huacha vitone vidogo vya rangi. Buluu ya jua imenywewa na nyuzi za karatasi, na mara nyingi pembeni kuna alama za brashi. Nakala ya printa ya ukurasa wa Atkins ni pambo halali, mradi iuzwe kwa jina lake. Tazama pia ukubwa: katika chapa ya jua mmea hutoka na kimo chake halisi. Mwani mdogo wa mwambani uliojaa bango la mita moja umekuzwa kwa mashine.

Ukishanunua, usiitundike kwenye fleti mpya ambayo plasta haijakauka. Unyevu wa saruji mbichi una magadi makali, na nyumba nyingi kati ya Ruiru na Juja huhamiwa mapema. Fundi wa fremu naye asiweke nyuma yake kadibodi iliyotiwa chokaa, hata kama ndiyo anayoisifu kwa kulinda picha nyingine. Chapa ikififia kwa mwanga wa dirisha, itoe na kuiweka kabatini gizani, kwa maana buluu hii hurejea yenyewe ikipata hewa. Ikikaa wiki kadhaa gizani bila kurudi, chanzo si mwanga: kagua kadibodi kwanza, kisha ukuta.