Hatia Pasipo Toba: Kazi na Ukombozi katika Filamu ya Le Fils

Makala haya yanaichunguza Le Fils (yaani Mwana), filamu ya Kifaransa iliyoongozwa na ndugu wawili wa Ubelgiji, Jean-Pierre na Luc Dardenne, na kutolewa mwaka 2002. Katika tamasha la Cannes la mwaka huo, Olivier Gourmet alituzwa kuwa mwigizaji bora wa kiume kwa kumwigiza mhusika mkuu. Ni rahisi kuiweka kazi hii katika fungu la kazi za msamaha. Dai letu ni kwamba msamaha, kwa maana ya mmoja kuuomba na mwingine kuutoa, haumo kabisa katika filamu hii. Kilichomo ni kazi ya mikono, nayo ndiyo inayobebeshwa mzigo ambao maneno yameshindwa kuubeba.

Olivier ni seremala anayefundisha katika kituo cha kuwarekebisha vijana. Siku moja analetewa Francis, kijana wa miaka 16. Anamkataa kwa kisingizio kwamba wanafunzi alio nao wanamtosha, kisha anabadili nia na kumpokea. Mtazamaji haelezwi mapema sababu ya mahangaiko hayo. Anamwona tu Olivier akimvizia kijana milangoni na ukutani, asijue kama anayevizia ni mlezi au ni mwindaji. Ni baadaye, katika mazungumzo ya Olivier na Magali, aliyekuwa mkewe, ndipo inapobainika kwamba Francis ndiye aliyemwua mtoto wao, miaka 5 iliyopita, alipokuwa akiiba redio garini.

Taharuki hii inatokana na namna ya usimulizi. Kamera inamwandama Olivier kisogoni, karibu mno, hata mara nyingi hatuuoni uso wake vizuri. Hakuna muziki wa kutuelekeza tuhuzunike wapi, wala hakuna uzungumzinafsia. Kwa istilahi za uhakiki wa riwaya, huyu si msimulizi maizi. Anajua kile tu ambacho mwili wa mhusika unakidhihirisha. Magali anapomuuliza mumewe wa zamani kwa nini anafanya jambo ambalo hakuna mzazi angelifanya, Olivier anajibu kwamba hajui. Mhakiki anayeharakisha kumjibia anaiharibu filamu.

Kiswahili kinatusaidia hapa kwa kututengea maneno matatu: hatia, majuto na toba. Hatia ya Francis imekwisha kuamuliwa na sheria, na adhabu ameitumikia. Ama majuto, Olivier anapomdadisi garini kama anayo, kijana anakiri, lakini kipimo chake ni miaka 5 aliyofungiwa, si uhai alioukatiza. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Majuto ya Francis yamekuja, ila yamekuja yakimlilia yeye mwenyewe. Toba haijafika. Jambo la kutia uchungu zaidi ni kwamba hajui kuwa anamjibu baba wa marehemu.

Kinaya hicho kinafikia kilele Francis anapomwomba Olivier awe mlezi wake wa kisheria. Sababu anayoitoa ni kwamba Olivier anamfundisha kazi. Hapa Kiswahili kinatuonyesha jambo ambalo anwani ya Kifaransa haiwezi kulitamka: ndani ya neno mwanagenzi limo neno mwana. Kumfunza mtu ufundi ni kumpa nafasi iliyo jirani na ya mtoto. Ndiyo maana kila somo la useremala katika filamu hii lina hatari yake. Olivier ana ustadi wa kukisia umbali kwa jicho, na Francis anamjaribu nje ya mkahawa, amwambie ni umbali gani uliopo baina yao wawili. Olivier anakisia, kisha wanapima kwa futi. Jazanda ni wazi, lakini haikulazimishwa. Ni swali ambalo fundi yeyote angeweza kuulizwa. Hali kadhalika, mkanda wa ngozi anaoufunga kiunoni ni kifaa cha kazi kwanza, cha kuutegemeza mgongo, kabla ya kuwa ishara ya mzigo wa msiba.

Upeo wa msuko unatokea katika ghala la mbao, wakiwa peke yao. Olivier anamwambia kwamba mtoto aliyemwua alikuwa wake. Francis anakimbia, anafukuzwa hadi msituni, anaangushwa, na mikono ya seremala inamshika kooni. Kisha mikono inaachia. Hakuna hotuba wala kilio cha kuomba radhi. Olivier anarudi kupakia mbao. Francis anarejea na kusimama, halafu anaanza kumsaidia. Wanazifunga mbao pamoja, na filamu inakatika hapo hapo.

Kazi hii ina upungufu. Magali, ambaye ndiye anayeuliza swali letu, anaonyeshwa akizirai mbele ya kijana, lakini safari ya mwisho haimhusishi. Uchungu wa mama unatumika kuupima uchungu wa baba, kisha unawekwa kando. Ikiwa kuna ukombozi katika ghala lile, ni wa wanaume wawili, na mama hakuulizwa.

Hata hivyo, filamu hii inaupa changamoto uhakiki wetu, ambao umezoea kuuliza mwishoni funzo ni lipi na nani ametubu. Le Fils inakataa kujibu. Haituambii kwamba Francis amesamehewa, wala kwamba siku ya pili Olivier hatamchukia. Inatuonyesha tu kwamba mikono iliyokuwa kooni imerudi kwenye mbao, na kwamba mbao zile, ambazo zingeweza kufungwa na mtu mmoja, zimefungwa na wawili. Kulipachika neno msamaha juu ya kitendo hicho ni kudai zaidi ya walichokifikia wahusika wenyewe.