Herufi moja ya d: nilivyousoma mwongozo wa Postfix hapa Kolwezi

Kwenye ukurasa huu tumezoea kuchambua riwaya, filamu na hotuba za wakubwa. Leo ninaleta maandishi ambayo hakuna mtu anayasoma kwa kujifurahisha: SASL_README, mwongozo unaokuja pamoja na Postfix, ile programu ya seva ya barua pepe ambayo Wietse Venema aliitoa mwaka 1998. Mimi nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza mbio mbio, sawa vile tulikuwa tunasoma usiku wa kuamkia mtihani. Mara ya pili niliusoma kwa haya.

Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya kandarasi, biro yetu iko Manika. Mnajua hali ilivyo. Tangu sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017, kandarasi ndogo zimetengwa kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani, na vijana wengi wa Lualaba wamejaribu bahati yao: usafiri, chakula cha wafanyakazi, usafi, kukodisha mashine. Kila mmoja anataka barua pepe yenye jina la kampuni yake, juu ya ofa ikifika na anwani ya Gmail, watu wanaitazama kwa jicho la pembeni. Basi patroni akaniita: "Weye ulisoma mambo ya kompyuta, njo utatuwekea seva." Nikaiweka kwa siku tatu, Linux, Postfix na Dovecot, mistari nimeokota huku na huku kwenye mafunzo mafupi. Barua zikaenda, zikarudi. Nikapongezwa.

Miezi tisa baadaye mama mmoja wa uhasibu kwa mteja wetu akapiga simu. "Papa, njo mulibadilisha akonti ya benki?" Hatukubadilisha kitu. Alikuwa amepokea barua yenye jina la patroni, ikimwomba alipe fakitire yetu kwenye akonti mpya. Ilikuwa malipo ya miezi miwili, yaani mishahara yetu sote. Nikafungua kumbukumbu za seva nikitumaini kukuta barua imetoka mbali, Asia au wapi. Hapana. Ilitoka kwenye seva yangu mwenyewe, ikiwa imeingia kwa jina la mtunza stoo na neno lake la siri sahihi. Seva haikuvunjwa. Ilifanya kila kitu nilichoiambia.

Ndipo nikarudi kwenye mwongozo, nikitafuta wa kumlaumu.

Kwanza niutendee haki. Unaanza vizuri kuliko vitabu vingi tulivyofundishiwa. Unasema tatizo kabla ya dawa: seva inapaswa kujua nani ana ruhusa ya kutuma barua kwenda nje kupitia kwake, na anwani ya mtandao peke yake haitoshi kama mfanyakazi yuko safarini. Sisi wa Kolwezi tunaielewa hiyo kwa mfano wa malori. Lori linalobeba shaba kwenda Kasumbalesa likikubali mzigo wa kila mtu bila karatasi, siku ya kukamatwa namba inayoandikwa ni ya lori, si ya mwenye mzigo. Seva iliyo wazi ni hivyo hivyo: barua taka ni za mwingine, jina linaloingia kwenye orodha nyeusi ni lako. Kanuni za kwanza za SMTP, za Agosti 1982, hazikumwuliza mtumaji neno la siri. Kusaidiana kupitisha barua kulikuwa ujirani mwema. Ilibidi kungoja hadi Machi 1999 ndipo kanuni ya kumtambua mtumaji ikaandikwa rasmi.

Tena mwongozo una ujasiri mmoja ninaoupenda. Unamwonya msomaji wazi kwamba akiunganisha Postfix na maktaba ya Cyrus SASL, usalama wake unashuka hadi kufanana na wa programu nyingine zinazoitumia, na kwamba Dovecot ni njia mbadala ya kufikiria. Mtu anayedharau kidogo bidhaa yake mwenyewe, huyo ninamwamini.

Sasa makosa. La kwanza ni la majina. Katika Postfix, mipangilio inayoanza na smtpd_ inahusu barua zinazoingia kwako. Inayoanza na smtp_ inahusu zinazotoka kwako kwenda kwa seva nyingine. Herufi moja! Mimi niliandika smtp_tls_security_level nikidhani nimewalazimisha wafanyakazi wetu kusimba mawasiliano yao. Sikuwalazimisha kitu. Mstari niliouhitaji ulikuwa smtpd_tls_auth_only = yes, unaokataza neno la siri kutajwa kabla ya TLS kuwashwa. Bila huo, njia ya PLAIN hutuma jina na neno la siri kwa base64, na base64 haifichi kitu. Ni kuandika upya tu, mtoto wa mwaka wa kwanza anaifungua kwa amri moja. Mtunza stoo wetu husoma barua zake kwenye waifai za watu. Sitajua kamwe kama neno lake lilichukuliwa huko, lakini mlango huo niliuacha mimi.

Kosa la pili ni la mpangilio wa mwongozo wenyewe, na hapa sitauonea huruma. Jambo lililotuumiza limeandikwa, lakini limewekwa chini, baada ya kurasa za mambo ya ufundi: mtu aliyekwisha kutambuliwa bado anaweza kujiita jina lolote kwenye bahasha ya barua. Seva inajua kwamba wewe ni mtunza stoo, na inakubali ujiite patroni! Ili kuzuia hilo, inabidi uandike jedwali la nani ana anwani ipi, smtpd_sender_login_maps, na kuongeza reject_sender_login_mismatch. Mafunzo mafupi niliyoyanakili hayakuwa na mstari huo. Na hata jedwali hilo linaangalia bahasha tu. Jina ambalo msomaji analiona ndani ya barua ni jambo jingine, lenye dawa nyingine.

Mpangilio pia unawasahau watu kama sisi. Kwanza inakuja habari ndefu ya kupokea, halafu kwa mbali kidogo habari ya seva yako kujitambulisha kwa seva kubwa ya nje. Ila kwa kampuni ndogo ya Kolwezi hiyo ya mwisho njo ya kwanza. Anwani ya intaneti tunayopewa mara nyingi haina jina linalolingana nayo, na tangu Februari 2024 Gmail inadai jina hilo pamoja na SPF au DKIM hata kwa watumaji wadogo. Njia rahisi ni relayhost: unapeleka barua zako kwa mtoa huduma kupitia poti 587, kwa jina na neno la siri, naye anazifikisha. Humo mwongozo unakuwa mtamu. Unaeleza kwa nini faili la maneno ya siri lisomwe na root peke yake na Postfix bado ilione: inalifungua kabla ya kuvua mamlaka ya root. Sentensi moja, na kitu nilichokuwa nakifanya kwa mazoea kikapata sababu.

Na umeme ukikatika, sawa vile unakatika huku kwetu, barua zinabaki kwenye mulongo; kwa kawaida Postfix inajaribu siku 5 kabla ya kuzirudisha.

Lakini nikisema mwongozo ndio wenye kosa lote nitakuwa ninadanganya. Umeandikwa kwa Kiingereza, sisi tumesoma kwa Kifaransa, ni kweli, ni mlima. Ila nilipouchukua mara ya pili, na kamusi pembeni, ulinichukua jioni mbili. Jioni mbili, mbele ya mishahara ya miezi miwili ya watu kumi na mmoja.

Kusoma huko kulinionyesha hata kitu ambacho hakuna mwizi alikuwa amekigundua. Skana ya biro haikuweza kuingia na neno la siri, kwa hiyo nilikuwa nimeuweka mtandao wote wa waifai ndani ya mynetworks. Maana yake, kila mgeni aliyekuja kunywa soda kwetu angeweza kutuma barua bila kuulizwa kitu. Postfix tangu toleo 3.0 yenyewe huamini mashine yake tu. Ulegevu ule niliuleta mimi.

Sasa skana ina anwani yake moja peke yake, na wageni wana waifai yao. Patroni analalamika kwamba simu yake inadai neno la siri kila mara. Yule mama wa uhasibu naye bado anapiga simu kabla ya kulipa kila fakitire, na mimi njo ninayepokea.