Nam June Paik: Mwanamuziki Aliyebadilisha Ala

Aghalabu wahakiki huyagawa maisha ya Nam June Paik katika vipindi viwili: kile cha mwanamuziki wa majaribio, na kile cha mwasisi wa sanaa ya video. Mgawanyo huu unafaa kwa kupanga tarehe, lakini unaficha jambo la kimsingi. Makala haya yanadai kwamba Paik hakuuacha muziki. Alichobadilisha ni ala.

Paik alizaliwa Seoul mwaka wa 1932. Familia yake ilikimbia vita vya Korea mwaka wa 1950, na baadaye akasoma katika Chuo Kikuu cha Tokyo, ambako tasnifu yake ilimhusu mtunzi Arnold Schoenberg. Mwaka wa 1956 alikwenda Ujerumani ya Magharibi kuendeleza masomo ya muziki. Mwaka wa 1958 akakutana na John Cage huko Darmstadt. Kwa Cage, kelele, kimya na sadfa vilikuwa mali halali ya muziki. Paik aliipokea falsafa hiyo bila unyenyekevu wa mwanafunzi: katika onyesho la mwaka wa 1960 mjini Cologne, alimwendea Cage aliyekuwa ameketi miongoni mwa hadhira, akaikata tai yake kwa mkasi.

Ushahidi mkuu wa dai hili ni maonyesho ya Wuppertal ya mwaka wa 1963, ambayo anwani yake ilitaja muziki kwanza, kisha runinga. Palikuwa na piano zilizogeuzwa umbo na sauti, pamoja na runinga zilizovurugwa picha makusudi. Katika kazi moja, vipande vya utepe wa sauti vilibandikwa ukutani, naye mgeni akapitisha juu yake kifaa cha kusomea sauti, kwa njia na kasi aliyoitaka mwenyewe. Hadhira ikawa fanani. Picha ya runinga nayo ikatendewa kama sauti: mawimbi ya umeme yanayoweza kupindwa, kurefushwa na kukatizwa.

Hata hivyo, dai hili linakabiliwa na jaribio gumu katika kazi ya mwaka wa 1974, ambamo sanamu ya Buda inaitazama taswira yake yenyewe kwenye runinga. Hapana sauti. Muziki uko wapi? Uko katika muda unaopita pasipo tukio. Na Cage alikuwa amekwisha kuonyesha, katika utunzi wake wa kimya wa mwaka wa 1952, kwamba muda mtupu unaweza kusikilizwa.

Upungufu wa Paik unajitokeza kwingine. Tarehe 9 Februari 1967, mjini New York, yeye na mpiga selo Charlotte Moorman walikamatwa kwa sababu Moorman alipiga ala akiwa kifua wazi katika utunzi wa Paik. Paik aliachiliwa, Moorman akahukumiwa, ingawa kifungo chake kiliahirishwa. Moorman hakuwa chombo tu cha mtunzi: alikuwa mwanamuziki aliyehitimu, na ndiye aliyeanzisha tamasha la sanaa ya majaribio la New York mwaka wa 1963. Uhakiki unaousifu ujasiri wa mtunzi hauna budi kuuliza ni nani aliyeulipia.

Paik alifariki mwaka wa 2006, akiwa ameshatuzwa Simba wa Dhahabu huko Venice mwaka wa 1993. Tuzo hiyo ilitolewa katika uwanja wa sanaa za kuona. Mhakiki anayeishia hapo atakuwa ameziona kazi zake bila kuzisikiliza.