Kidole Kati ya Fito

Mgono mkavu uliolazwa nyuma ya nyumba haukupi hamu ya kuutazama mara mbili. Ni mtego wa samaki, mrija wa fito, mdomo mpana upande mmoja, mkia uliofungwa kwa kamba upande wa pili. Ukiwa safarini kutoka Morogoro mjini kwenda Kisaki, kwa njia ya Mvuha na Duthumi, unaweza kuona migono ya namna hiyo ukadhani ni matenga ya nyanya yaliyochakaa. Ndiyo maana nashauri ukae kivulini umtazame mtu anayeusuka tangu ufito wa kwanza. Si kazi ya saa moja, na fundi hatafanya haraka kwa sababu tu umekuja na daftari.

Kazi huanza kwa kukataa. Fundi huingia kwenye matete wakati wa kiangazi na kuyaacha mengi kuliko anayoyakata. Tete changa hunywa maji na kuoza kabla masika hayajaisha. Lililokomaa kupita kiasi hupasuka likipindwa. Analolitaka ni lile ambalo kucha haiingii, lakini likikunjwa linakubali. Walio karibu na mlima wa Uluguru hutumia mianzi, ile ile ya kusukia matenga ya mboga za Mgeta, na hapo utaona ustadi wa kisu. Kisu hakisogei. Kinashikwa kimetulia, mwanzi ndio unaosukumwa, nao unapasuka vipande vinavyolingana unene bila kipimo chochote. Kisha kila ufito hukwanguliwa pembe zake, kwa sababu ufito wenye makali hukata kamba kidogo kidogo kutoka ndani, na mgono hufumuka mtoni usiku ambao mwenyewe amelala.

Kamba zamani zilikuwa za ukindu. Siku hizi wengi hufumua viroba na kusokota nyuzi zake pajani. Wapo wanaokereka kuona plastiki kwenye kazi ya jadi. Mimi simo, fundi hana wajibu wa kuwa makumbusho. Lakini ukindu una fadhila moja ambayo kiroba hakina. Mgono ukichukuliwa na mafuriko, kamba ya ukindu huoza, mkia hufunguka na samaki hutoka. Wa nyuzi za plastiki huendelea kuvua miezi na miezi bila mwenyewe, na samaki hao hawaliwi na mtu. Ningependa kuona mkia, angalau mkia, ukifungwa kwa ukindu.

Fito hulazwa chini sambamba na kufungwa mstari baada ya mstari, halafu huviringishwa juu ya pete za miti laini. Katika ufungaji huo, kati ya ufito na ufito, fundi huingiza kidole. Kikipita kwa taabu kidogo, anaendelea. Kikikwama, anafumua. Nilimwuliza mzee mmoja, baada ya shikamoo na mazungumzo ya mvua, kwa nini asibane zaidi apate na wadogo. Nilitarajia mawaidha ya kuhifadhi mazalia. "Mgono uliobanwa hushika takataka, mjukuu wangu," akasema. "Maji yakikosa njia, yanauvunja."

Jibu hilo limenikaa kuliko hotuba nyingi za mazingira nilizowahi kuzisikia. Samaki mdogo anapona kwa sababu mto lazima upite. Fundi hakuanza na huruma wala na kanuni. Alianza na maji yanayosukuma, na kanuni ikajitokeza yenyewe ndani ya kazi nzuri.

Sehemu ngumu kuliko zote ni koo, yaani njia ya ndani inayoanza pana mdomoni na kufinyana kuelekea tumboni. Husukwa kwa vijiti vyembamba, ncha zake zikielekea ndani. Samaki akisukuma, vijiti vinampisha. Akitaka kurudi, ncha zinamkabili. Vikiwa vigumu, samaki hugusa na kugeuka zake. Vikiwa legevu, kambale, ambaye ana nguvu ya shingo kuliko anavyoonekana, hujipenyeza akarudi alikotoka. Fundi hujaribu kwa ngumi: mkono unaingia bila kelele, na wakati wa kutoka ncha ziukwaruze bila kuuchana. Nimeona koo likifumuliwa na kusukwa upya mara kadhaa kwa ajili ya kukwaruza huko tu.

Halafu kuna kuutega, na hapa lazima mtu aujue mlima. Mto Mgeta huanzia Uluguru upande wa magharibi, kwenye miteremko ya kabichi na njegere, huuzunguka mlima kwa kusini hadi nyanda za Kisaki, kisha huungana na Ruvu, ambao nao umetoka mlima huo huo upande wa mashariki. Vilele vya mlima vinapita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na miteremko ya mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Masika ya Machi hadi Mei yakishika huko juu, huku chini mto hupanda kingo na kuingia majanini.

Kambale hungojea hayo. Mafuriko yakifunika nyasi, hutoka mtoni usiku kwenda kutaga kwenye maji ya kina kifupi. Ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya mashavu yake, hivyo huweza kujiburuta hata penye unyevu tu. Maji yakianza kupungua, hurudi. Mgono ule ule, kwenye mfereji ule ule, ukielekezwa mdomo mtoni hunasa majike yaliyojaa mayai yakiwa njiani kwenda kutaga. Ukielekezwa mbugani hunasa wanaorudi, kazi yao ikiwa imekwisha. Anayevua kwa ajili ya miaka na anayevua kwa ajili ya wiki hii wanatumia chombo kimoja. Wanatofautiana kwa namna walivyokigeuza.

Fadhila nyingine ya mgono ni kwamba humleta samaki akiwa hai. Wavu wa kunasia hubana mashavu, na asubuhi unachotoa ni maiti, awe mkubwa au mdogo. Kwa mgono, alfajiri mkia unafunguliwa na mkono unaulizwa upya: huyu anabaki, huyu anarudi? Swali hilo lina uzito zaidi kwa perege, kwa sababu jike lake hubeba mayai mdomoni, na vifaranga pia mpaka waweze kujitegemea. Mvuvi aliyezoea huona kidevu kilichovimba kabla hajamgusa, naye humwachia bila maelezo.

Perege wa mito hii si samaki wa kudharau. Yule wa Wami, mto unaopita Dakawa kaskazini ya mji wa Morogoro, alipelekwa Zanzibar, na kutoka huko uzao wake ukafika mbali. Mwaka 1960 mtaalamu Mwingereza C. F. Hickling alichapisha majaribio aliyoyafanya Malacca: dume la samaki huyo wa Zanzibar likikutanishwa na jike la perege wa Msumbiji, vifaranga karibu wote huwa madume. Kwa mfugaji hiyo ni mali, maana madume hukua upesi na bwawa halijai watoto. Huku kwetu, mambo yamekwenda kinyume. Sato wa Nile na jamaa zake waliletwa kwenye mabwawa, wakatoroka, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na wanasayansi wa Tanzania na Uingereza ulionesha kwamba wamesambaa katika mabonde mengi ya mito nchini; tena huzaliana na wenyeji. Mvuvi wa mgono huwatenganisha kwa mkia: sato ana mistari ya wima iliyojipanga vizuri, perege hana. Dume la perege likiwa tayari kuoana huwa jeusi, mapezi yake yakiwa na ukingo mwekundu, nalo hupendeza hata machoni pa mwenye njaa.

Nisiupambe mno mgono. Ukivikwa chandarua ndani hunasa hata wa juzi. Ukipangwa na wenzake kwenye uzio unaoziba mto ukingo hadi ukingo, huumaliza mto kwa ustadi mkubwa. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 ipo, inakataza sumu na baruti, na inastahili kusimamiwa. Lakini Uluguru ina kumbukumbu yake kuhusu amri zinazoshushwa kutoka juu. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko, na mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, mpango ukafa. Udongo kwa kweli ulikuwa unaporomoka, na bado unaporomoka; hujaza madimbwi ambako samaki hupumzika kiangazi, na hujaza bwawa la Mindu, ambalo mji wa Morogoro hunywa maji yake na kula samaki wake. Maofisa wale walikuwa sahihi kuhusu udongo na wakashindwa kwa sababu matuta yao hayakumlipa anayeyachimba. Kwa kuushika udongo huo, msitu wa juu uliotangazwa kuwa Hifadhi ya Asilia ya Uluguru mwaka 2008 unawafaa wavuvi wa Kisaki kuliko doria nyingi za mtoni.

Tukija kwenye sufuria: perege aliyetoka kwenye mgono asubuhi hahitaji mengi. Mchanje ubavuni, chumvi, ndimu, mafuta ya moto, na pilipili manga ya Matombo au Kinole iliyotwangwa wakati huo huo. Kambale ni habari nyingine. Mbichi ana utelezi na wengi humkimbia. Akibanikwa polepole juu ya moshi mpaka nyama ikaze na kuwa na rangi ya kahawa, halafu akachemshwa kwa tui la nazi, wali wa Kilombero humalizika mezani kabla yake.

Kwa hiyo ukiwa Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro, muulize muuzaji samaki ametoka wapi na amevuliwa kwa chombo gani. Wauzaji wengi wanajua, na hupenda kuulizwa na mtu anayenunua. Perege asiyefikia kiganja mwache mezani, hata kwa nusu bei. Akikosa mnunuzi wiki hii, wiki ijayo hataletwa. Sato wa bwawa la kufugia mnunue bila wasiwasi. Na katika miezi ambayo maji yanapungua, tafuta kambale wa kubanikwa kutoka mabondeni. Aliyekaushwa sawasawa hukaa wiki kadhaa bila friji, hivyo huna sababu ya kununua mmoja tu.