Kilichofichwa Bondeni mwa V8

Mwaka 2014 Matt Farah, mwanahabari wa magari wa Marekani, alinunua Lexus LS 400 ya mwaka 1996 iliyokwisha kutembea karibu maili 900,000. Hakuliweka gari hilo ndani kama kumbukumbu. Aliwaazima wenzake wakazunguka nalo huku na huko, na mwaka 2019 likavuka maili milioni moja, yaani kilomita milioni 1.6. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2014, BMW ilitangaza nchini Marekani mpango maalumu kwa wenye magari ya injini ya N63, zikiwamo saluni za 7 Series: yaletwe, yakaguliwe cheni ya taimingi, nozeli, mipira ya hewa na betri. Makongwe kabisa kati ya magari hayo yalikuwa na miaka kama sita tu.

Injini zote mbili, ya Lexus na ya BMW, ni V8 za aluminiamu, kila moja ina vali 32, na zote zilitungwa kwa ajili ya saluni kubwa za wenye nazo. Kwa nini moja izeeke kama mbuyu na nyingine iitwe gereji mapema? Majibu ni mengi, lakini lililo kubwa linaonekana kwa macho ukiinua boneti na kutoa kifuniko cha plastiki. Ni bonde.

Kwanza neno lenyewe. Dar es Salaam au Dodoma ukisema V8, watu huona Land Cruiser ya kigogo ikipita na vioo vyake vyeusi. Kwa fundi, V8 ni silinda nane zilizopangwa nne kwa nne katika safu mbili zinazoegemea nje, na kati ya safu hizo hubaki uwazi wenye umbo la herufi V. Uwazi huo ndio bonde. Ni mahali pa joto, pasipofikika kwa mkono, na kila mhandisi hushawishika kuweka kitu pale kwa sababu nafasi chini ya boneti ni finyu. Anayenunua saluni ya namna hii ikiwa imeshatumika hununua pia uamuzi wa mhandisi huyo.

Toyota, mwenye jina la Lexus, ilianza safari ya LS 400 Agosti 1983, pale mwenyekiti wake Eiji Toyoda alipowauliza wakubwa wenzake kama kampuni inaweza kutengeneza gari la kushindana na bora kabisa duniani. Mhandisi mkuu, Ichiro Suzuki, alidai mambo yaliyoonekana kugombana: kasi kubwa kwa mafuta kidogo, utulivu kwa uzito mdogo. Dawa yake ilikuwa kuukata mtikisiko pale unapozaliwa, badala ya kuufunika kwa magodoro na raba. Basi vyuma vikachongwa kwa usahihi wa kupindukia, na chuma kisichotikisika hakijitafuni. Utulivu ule uliotafutwa kwa ajili ya abiria wa kiti cha nyuma ndio uliokuja kumfaidi mnunuzi wa tatu na wa nne.

Gari lilionyeshwa Detroit Januari 1989, na Wajapani wakaliuza kwao kwa jina la Toyota Celsior. Injini yake, 1UZ-FE ya lita 4, ilitoa nguvu za farasi 250. Kwa ukubwa ule hicho si kiwango cha kutisha, na hapo ndipo siri nyingine ilipo: haikukamuliwa. Ekzosi zilitoka pembeni, moja kila upande, joto likapelekwa nje. Bondeni, chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, wakaweka stata.

Ndiyo, stata. Hata hawa waliosifiwa walifanya dhambi yao. Stata ikifa, fundi hulazimika kung'oa manifoldi yote ili aifikie, na kazi ya saa moja kwenye Corolla hugeuka ya siku nzima. Hata hivyo stata iliyokufa haiui injini. Inakuacha umekwama, basi. La kuogopwa zaidi ni mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Katika injini za VVT-i, yaani zenye mfumo wa kubadili muda wa vali, zilizoanza kutumika mwaka 1997, mkanda ukikatika pistoni hugonga vali. Muuzaji asiyejua mkanda ulibadilishwa lini amekwishakujibu.

BMW walipotoa 7 Series ya E65 mwaka 2001, walipitisha bondeni mwa injini yao ya N62 bomba la maji ya kupoza, kutoka mbele hadi nyuma. Bomba lenyewe ni la chuma, haliozi upesi. Kinachochoka ni mpira unaoliziba kwa mbele, kisha maji huanza kudondoka taratibu chini ya kifuniko cha taimingi. Gasketi ya shilingi chache, lakini njia ya kiwandani ya kuifikia ilidai kufumua sehemu ya mbele ya injini. Watengenezaji wa nje baadaye walibuni bomba linalorefuka na kufupika, ambalo huingizwa bila kufumua kote huko. Mwenye gari la namna hii aulizwe: bomba limeshawekwa, au bado linasubiri mwenye gari mpya?

N62 ina ugonjwa wa pili, nao una kipimo cha bure. Sili za vali zikikauka, oili hupenya polepole injini inapounguruma gari likiwa limesimama. Kwa hiyo injini iliyokwisha kupata moto iachwe hivyo dakika 15 hadi 20, kisha mafuta yakanyagwe kwa nguvu. Likitoka wingu la moshi wa bluu, mazungumzo ya bei yaanze upya au yaishe. Wauzaji wengi hupenda kukutembeza barabarani mara moja. Kwenye mwendo moshi huo hauonekani.

Kisha ikaja N63, mwaka 2008, na hapo bonde likageuzwa tanuri. Kwa kawaida hewa huingilia bondeni na moshi hutokea pembeni. BMW waligeuza: ekzosi zikatazama ndani, na tabo mbili pamoja na vichujio vya moshi vikakaa katikati ya V. Sababu yao haikuwa ya kipuuzi. Moshi unasafiri njia fupi hadi kwenye tabo, gari linaitika upesi, na injini inakuwa nyembamba. Lita 4.4 zikatoa farasi 407, zaidi ya zile za LS 400 kwa 157. Lakini joto lililokuwa likitupwa nje sasa linakaa katikati ya mipira, waya na plastiki, na haliishi gari linapozimwa. Ndiyo maana feni na pampu ya umeme huendelea kufanya kazi baada ya dereva kuondoka, zikila betri. Katika mpango ule wa 2014, muda wa kubadili oili pia ulishushwa kutoka maili 15,000 hadi 10,000. Kampuni inapopunguza kipimo chake yenyewe kwa theluthi, mnunuzi hahitaji ushahidi mwingine.

Mercedes-Benz hawakuponea hapo. S500 ya W221, iliyotoka mwaka 2005 na injini ya M273 ya lita 5.5, ni gari tamu na haina tabo. Ila katika injini za mwanzo, hadi karibu na mwisho wa 2006, gia moja ndogo inayozungushwa na cheni ilitengenezwa kwa chuma kinacholika mapema. Gia ni ndogo, lakini kuibadili mara nyingi ni kushusha injini nzima. Hapa namba ya injini ina maana zaidi kuliko rangi ya ngozi za viti.

Nje ya injini kuna mambo mengine, na moja linapaswa kutazamwa alfajiri. Magari mengi ya daraja hili hukaa juu ya mifuko ya hewa badala ya springi. Muuzaji aombwe asiliwashe tangu jana yake; ukifika ukalikuta limelala upande mmoja, mfuko unavuja, na kompresa imekuwa ikifanya kazi ya ziada kuuficha ugonjwa huo. Lexus LS 460 ya mwaka 2006 na kuendelea ina cheni badala ya mkanda na gia nane, ila mikono ya mbele ya chini ya gari hulegea bushi na kugonga kwenye matuta. Mwaka 2010 Toyota pia iliita magari 270,000 hivi duniani, LS 460 zikiwamo, kwa sababu ya springi za vali. Yapo yaliyotengenezwa na yapo yaliyopita kati. Namba ya chasisi inaweza kusema ni lipi.

Je, bei ya chini kwenye minada ya Japani maana yake ni ubovu? Si lazima. Huko kodi ya mwaka hupanda kwa ukubwa wa injini, na gari la petroli likivuka miaka 13 huongezewa nyingine. Juu yake kuna ukaguzi wa kila miaka miwili. Mstaafu wa Nagoya mwenye gari la lita 4.6 analiuza likiwa zima kabisa, kwa sababu ya bili tu. Lakini karatasi ya mnada isomwe kwa mipaka yake: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, R ni gari lililogongwa likatengenezwa. Mkaguzi wa mnada hutazama bodi, hangoji dakika 20 kuona moshi.

Mnunuzi wa Nairobi hawezi kuagiza makongwe haya, kwani Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane. Atalipata kwa mwenye nalo humohumo nchini. Tanzania hupitisha, kwa kodi ya ziada ya uchakavu.

Kwa anayeuliza lipi, jibu la safu hii ni Celsior ya mwisho, ile ya lita 4.3 iliyotengenezwa kati ya 2000 na 2006, yenye risiti ya mkanda. Ya pili ni LS 460 iliyofanyiwa springi na bushi. S500 ichukuliwe baada ya kusoma namba ya injini. Na BMW 750i ya mwaka 2009, yenye N63, isiyo na karatasi za cheni, hata ikiwa nusu bei, ibaki kwa mwenyewe.